Insha ya sentensi tatu: mtoto anayesimulia sana na kuandika kidogo

"Likizo yangu. Nilikwenda kwa bibi. Nilikula wali. Nilifurahi. Mwisho."

Insha yenyewe imeishia hapo. Mwandishi wake ana miaka 9, yuko Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali mjini Tanga, na huyo bibi anayedai kumtembelea anaishi nyumba hiyohiyo, chumba cha pili kutoka mlangoni. Mtoto hakwenda popote. Likizo nzima alishinda uani. Lakini mkute jioni amekaa mkekani na bibi yake, atakusimulia bila kuvuta pumzi jinsi paka wa jirani alivyoingia jikoni, akamnyakua samaki aitwaye changu aliyekuwa anasubiri kukaangwa, akapanda naye juu ya bati, na jinsi bibi alivyorusha kandambili ikanasa hukohuko juu mpaka leo. Simulizi hiyo huchukua dakika nne. Ina paka, ina samaki, ina bibi aliyebaki na kandambili moja. Kwenye daftari haimo.

Mama mtu anasema mtoto ni mvivu wa kuandika tu, na mwakani kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Mwalimu kaandika chini ya insha kwa wino mwekundu: "Ongeza juhudi."

Kisa hiki ni cha mfano, kimejengwa juu ya hali ambayo walimu na wazazi hukutana nayo kila muhula. Tunakichambua kwa urefu kwa sababu "hataki kuandika" ni lalamiko moja linaloficha matatizo matatu au manne yasiyofanana, na dawa ya moja hailitibu jingine.

Kupima kwanza

Kabla ya kumnunulia mtoto daftari jipya au kumtafutia mwalimu wa tuisheni, mpime. Kazi ni nne, kila moja dakika tano, na zisifanyike zote siku moja. Ya kwanza, anakili aya kutoka kitabu chake cha Kiswahili. Ya pili, imla: mama anasoma sentensi fupi, yeye anaandika. Ya tatu, anatunga mwenyewe juu ya jambo lolote. Ya nne hana penseli kabisa. Anasimulia mdomoni huku simu inarekodi. Kisha hesabu maneno.

Mtoto wetu alinakili maneno 31. Kwenye imla akaandika 24. Kwenye kutunga, maneno 8. Mdomoni, mama alipokaa na rekodi na kuiandika, alifika 250 na ushee.

Namba hizi hazilinganishwi na za mtoto wa jirani. Zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kama kunakili nako kungekuwa kwa kusuasua, tungetazama mkono, penseli, macho na namna anavyokaa. Kama kunakili ni kuzuri lakini imla imeanguka, shida iko kwenye kusikia sauti na kuzigeuza herufi. Kama hata mdomoni angekwama, tungeuliza habari ya lugha. Tanga wako watoto ambao nyumbani ni Kidigo au Kibondei, na Kiswahili cha insha kwao ni nguo ya kuazima. Mtoto wa namna hiyo asimulie kwanza kwa lugha ya bibi yake, kuandika kufuate baadaye. Huyu wetu mdomo unakwenda, mkono unakwenda, sikio linakwenda. Kinachosimama ni kutunga kwenye karatasi, na ndipo pa kuchimba.

Raba na masahihisho

Katika zile dakika tano za kutunga, mama aliambiwa asiseme neno, atazame tu na kuhesabu. Mtoto alifuta mara tisa. Aliandika "Bibi yangu", akafuta "yangu" kwa sababu mkia wa "y" ulipinda. Akaandika upya, karatasi ikaanza kutoboka, akahamia mstari mwingine. Alipofika kwenye bati aliinua kichwa: "Mama, mabati inaandikwaje?" Mama hakujibu, kama alivyoagizwa. Mtoto akakaa kidogo, halafu akaandika "nyumba".

Hapo kisa kimejieleza. Paka hakupanda nyumba, alipanda bati, na mtoto anajua. Lakini "nyumba" anajua inavyoandikwa. Kila neno asilo na uhakika nalo analikwepa, na kila akikwepa, simulizi inapungua kitu. Kandambili ilitoka. Changu akawa samaki, kisha samaki naye akatoka. Mwishowe yanabaki maneno ambayo hayajawahi kumletea balaa: nilikwenda, nilikula, nilifurahi.

Balaa lenyewe liko kwenye daftari, ukilipekua kurudi nyuma. Insha ya kwanza ya mwaka ilikuwa na sentensi tisa na maneno 14 yaliyozungushiwa wino mwekundu. Masahihisho shuleni ni kuandika kila neno lililokosewa mara tano. Maneno 14 mara 5 ni maneno 70, marefu kuliko insha. Insha iliyofuata ilikuwa na sentensi sita. Iliyofuata, nne. Ya likizo, tatu, na haina kosa hata moja. Mtoto amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Ukimwambia aongeze juhudi unamwomba aongeze masahihisho.

Mwalimu hatumlaumu. Mwenye daftari nyingi za kusahihisha kabla ya kengele huweka alama panapoonekana kosa, na kosa la herufi ndilo linaloonekana haraka. Lakini asiyeona mnyororo huu atatibu uvivu ambao haupo.

Vitu vidogo vya mkono

Mkono haukuwa tatizo kuu, lakini ulikuwa unaongeza mzigo, na marekebisho yake ni ya siku moja. Penseli ya huyu mtoto ilikuwa imechongwa mpaka imekuwa fupi kuliko vidole vyake vinne vikibanwa pamoja. Kwa urefu huo mkono hukakamaa. Usiitupe. Toa mrija wa wino kwenye bolpeni nene iliyoisha, chomeka kipande cha penseli kwenye ganda lake, kizungushie karatasi kama kinacheza. Penseli iliyoandikwa 2B, ikipatikana, ni laini kuliko HB, inakoza bila kukandamiza. Kukaa: alikuwa anaandikia kitandani kwa tumbo. Aandikie mezani, viwiko vikae juu ya meza bila mabega kupanda, miguu iguse sakafu au kigoda.

Na saa. Akitoka shule anakwenda madrasa, na huko nako anaandika, tena kutoka kulia kwenda kushoto. Kumkalisha na daftari baada ya hapo ni kuuonea mkono. Ratiba iliyoshikika ilikuwa Jumatano jioni baada ya kuoga na kula, halafu Jumamosi na Jumapili asubuhi. Dakika 15, na zikiisha zimeisha hata kama sentensi iko nusu. Sentensi iliyoachwa nusu ina faida yake: siku inayofuata mtoto ana pa kuanzia.

Wiki ya kwanza: mama ndiye karani

Penseli ya mtoto inawekwa kando. Yeye anasimulia, mama anaandika. Inaonekana rahisi, na ndiyo hatua inayoharibiwa na wengi.

Kanuni ni kuandika alichosema, si alichokusudia. Mtoto alisema, "Paka kampitia changu kapaa naye." Mama akaandika, "Paka alimchukua samaki akakimbia." Aliposomewa, mtoto akanuna: "Mimi sijasema hivyo." Ana haki. "Kapaa naye" ni picha, paka anaruka kama ndege. "Akakimbia" inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mama akikosea hapa mtoto anajifunza jambo lilelile alilojifunza shuleni, kwamba maneno yake hayafai mpaka mkubwa ayatengeneze. Habari ya "kaja" na "akaja" haina haraka. Pwani ndivyo tunavyosema, na wakati wa kuvaa mavazi ya shule utafika.

Mama aandike polepole, mtoto aone mkono unavyosubiri mdomo. Akimaliza asome kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Sentensi nne au tano kwa siku zinatosha. Siku ya tatu mtoto huyu alianza kusahihisha mwenyewe bila kuulizwa: "Hapana mama, kwanza kandambili, halafu ndiyo paka akageuka." Huko ndiko kutunga, ingawa bado hajashika penseli.

Jambo jingine lilijitokeza wiki hiyo. Mtoto alidhani insha lazima iwe kweli, na papo hapo alidhani kweli yake haifai. Likizo ya insha ni watu kusafiri, kula wali na kufurahi. Yeye alishinda uani, kwa hiyo akaazima likizo ya wengine. Bibi ndiye aliyelimaliza hilo kwa njia ya zamani kabisa. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Akamwambia, "Umesikia, mume wangu? Uongo nao tumeuita." Daftari likapewa jina juu ya jalada: Daftari la Uongo.

Wiki ya pili: maneno yasiyokosewa

Mama bado anaandika, ila anaacha pengo, na mtoto anajaza neno moja tu. Neno gani? Tulichagua tanakali za sauti, na sababu ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kuchekesha. "Paka akatua juu ya bati ______." Mtoto akaandika "gwaa!" Ni "gwaa", "gwa" au "ngwaaa"? Ni vile alivyosikia yeye, na hakuna mwalimu atakayeizungushia wino. Kwa mtoto anayeogopa kuendeleza neno vibaya, hapa penseli inakwenda bila woga. Lugha yetu inazo tele, na nyingi anazijua tayari: kuanguka pu, kutumbukia chubwi, kimya ji, giza totoro, nyeupe pe. Mwisho wa wiki mapengo yalikuwa matatu kwa kila sentensi, na raba haikuguswa.

Wiki hiyohiyo baba alikuja na wazo lake: shilingi 200 kwa kila sentensi. Jumamosi mtoto akatoa sentensi kumi na mbili. "Paka alikula. Paka alilala. Paka aliamka. Paka alikula." Biashara nzuri, insha mbovu. Ukilipia idadi utapata idadi. Malipo yakasitishwa, na baba akapewa kazi nyingine: kila Jumapili asomewe ukurasa mmoja, na aruhusiwe kuuliza swali moja tu.

Wiki ya tatu na ya nne: visanduku

Karatasi ya A4 ikunjwe mara mbili, vipatikane visanduku vinne. Vitatu ni vya picha, cha nne ni cha jina la hadithi, ambalo huandikwa mwisho. Mtoto anachora haraka, dakika tano, watu wa vijiti wanatosha. Mtoto anayepaka rangi makucha ya paka kwa nusu saa amegundua pa kujificha. Mpe penseli tu. Kisha chini ya kila picha sentensi moja. Yake. Kwa mkono wake.

Raba inafungiwa kabatini. Anayetaka kubadili neno alikate kwa mstari mmoja, aendelee. Na neno asilojua kuliendeleza? Aliandike anavyolisikia, alipigie mstari mwembamba chini, asisimame. Mwishoni wanachagua pamoja maneno mawili tu kati ya yaliyopigiwa mstari na kuyatengeneza. Mawili, hata kama yako kumi. Mengine yaachwe na makosa yake. Mama wengi hapa mkono unawawasha.

Kuna kosa moja la Kiswahili ambalo huonekana kwa watoto wa rika hili na husahihishwa vibaya. Neno letu moja hubeba sentensi nzima. "Tulimfukuza" lina silabi sita, tu-li-m-fu-ku-za, na mtoto mwenye mkono wa polepole husahau katikati kabla hajafika mwisho. Anaandika "tulifukuza". "Alipoondoka" linakuwa "aliondoka", na maana imehama. Ukimwambia alirudie mara tano ataandika "tulifukuza" mara tano. Dawa ni makofi kabla ya penseli: atamke neno huku akipiga kofi kwa kila silabi, ahesabu, aandike, kisha arudi kuhesabu alichoandika. Sita na tano hazilingani. Atatafuta mwenyewe iliyopotea.

Kazi yake ya Jumapili ya wiki ya nne ilikuwa hivi, makosa yake yakiwemo:

"Paka kaja. Halafu kaona changu kwenye sinia. Halafu kamchukua halafu kapanda mabti gwaa. Halafu bibi kasema we paka we."

Maneno 19, bila kufuta. Ni mara mbili na zaidi ya kipimo cha mwanzo, na bati limerudi mahali pake, hata kama limepungukiwa irabu.

Katikati ya wiki hizi daftari lilipotea siku sita. Shangazi alikuwa amelisoma kwa sauti mbele ya wageni, wakacheka, kwa mapenzi kabisa. Mtoto alilificha chini ya godoro. Watu wazima husahau kwamba kicheko cha "kachangamka huyu" na kicheko cha "kachekesha huyu" kwa mtoto vinasikika sawa. Mambo yalitengemaa baada ya mama kumwomba radhi mbele ya shangazi, na ikawekwa kanuni: mwenye daftari ndiye anayesema nani asome.

Wiki ya tano na ya sita: kuirudia kazi

Sasa ndipo "halafu" inashughulikiwa. Usimwambie kwamba ni mbaya. Mwonyeshe kwamba ameshaisema: ile "ka" ya "akaona, akabeba, akapanda" ndiyo "halafu" yenyewe, imo ndani ya neno. Anayesema "halafu akapanda" amelipa nauli mara mbili. Mtoto alipewa kalamu ya rangi akafute kila "halafu" iliyofuatwa na "ka". Zikaondoka zote nne, naye akashangaa kuona hadithi imesimama. Papo hapo "kaja" ikawa "akaja", kwa maelezo mafupi kwamba ya kwanza ni ya mdomoni na ya pili ni ya daftarini, na kwamba bibi akiwa anaongea ndani ya hadithi aongee kama bibi.

Baada ya hapo, swali moja kwa kila kazi. Moja. "Hapo bibi alikuwa anafanya nini?" au "Changu alikuwa wa namna gani?" Mama akiuliza matano mtoto anajibu yote mdomoni na haandiki hata moja. Akiuliza moja na kunyamaza, jibu linatafuta pa kukaa.

Jumapili ya mwisho alileta hii:

"Bibi alikuwa anapepea mkaa. Paka akaja polepole akamwona changu kwenye sinia. Akambeba akapanda mabati gwaa! Bibi akasema, We paka we! Changu wangu huyo! Paka akajibu, Sasa ni changu."

Mchezo wa "changu wangu" na "ni changu" hakuna aliyemfundisha. Ulikuja kwa sababu paka aliruhusiwa kusema, na paka aliruhusiwa kusema kwa sababu uongo ulikuwa umekaribishwa. Alama za kunukuu hazimo. Zitakuja kwenye zamu yao, peke yao, wiki ambayo hakuna jingine la kujifunza.

Upande wa shule

Mama alimwendea mwalimu wiki ya tatu, asubuhi kabla ya vipindi, na ombi la jambo moja: kwa mwezi mmoja, kwenye insha tu, azungushie maneno mawili badala ya yote, na masahihisho yawe kuandika sentensi yenye neno hilo mara moja badala ya neno tupu mara tano. Ombi la namna hii hukubaliwa kwa urahisi kuliko malalamiko, kwa sababu linampunguzia mwalimu kazi. Lililomshinda mama ni vichwa vya insha, ambavyo havichagui yeye. Hapo mtoto alifundishwa kubana: akipewa "Likizo yangu" aandike juu ya saa moja ya siku moja. Akipewa "Mnyama ninayempenda", jambo moja alilofanya mnyama huyo jikoni.

Tulimkanya mama na kitu kimoja alichokuwa tayari kukinunua, kijitabu cha mianzo ya insha ya kukariri. Waliosoma Kenya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, wanazikumbuka insha za dakika 40 zilizoanza na majogoo kuwika na jua kuchomoza, hata kama kisa kilitokea usiku. Mtoto anayeogopa kukosea atayapenda maneno hayo kupita kiasi, kwa kuwa hayakosewi. Ni "nilifurahi" yenye vitambaa.

Kipimo cha pili, kazi zilezile, dakika zilezile: kunakili 33, imla 27, kutunga 26. Raba haikuombwa. Mdomoni bado 250, na pengo hilo halitarajiwi kuzibika mwaka huu wala ujao. Insha ya shule iliyofuata ilikuwa na sentensi sita na maneno manane yenye makosa, mawili yakiwa yamezungushiwa wino. Kunakili kazi kwa usafi bado anakataa kabisa, na kwa sasa mama ndiye anayenakili, huku mtoto amesimama begani kwake akihakikisha hajabadilisha neno.